Somo la Mwezi: Kituo cha Masomo kwa Kompyuta, na Mafunzo Tunayoyapata kutoka Kakuma



Mtu aliyepewa shamba katika skimu anajua maana ya kuanza upya. Mpango wa kugawa mashamba ya eka milioni moja ulipoanza katika mwaka wa 1962, jamaa nyingi zilifika katika nchi ngeni zikiwa na vyombo vichache, jembe na mbegu. Ardhi ilikuwapo, lakini mara nyingi shule haikuwapo. Wazee walikata miti, wakakandika udongo, wakajenga darasa kwa Harambee. Baadaye ndipo wakamtafuta mwalimu.

Leo wajukuu wa wazee hao wanaulizana jambo lingine. Je, twaweza kupata kituo cha kompyuta katika skimu yetu, watoto wapate kusoma na sisi wakubwa tupate habari za kilimo? Swali hili ni zuri, tena limekuja kwa wakati wake. Serikali ilitangaza mpango wa kuweka kituo cha dijitali katika kila wadi, na wadi za Kenya ni 1,450. Lakini kabla ya kuomba kitu, yafaa kwanza kuangalia mahali ambapo kimekwisha kujaribiwa katika shida kubwa kuliko zetu. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Kakuma.

KAKUMA NI MAHALI GANI?

Ukitoka Kitale ukafuata barabara ya kaskazini, ukapita Kapenguria na Lodwar, utafika Kakuma katika Kaunti ya Turkana. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, na wengi wa watu wa kwanza walikuwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tangu wakati huo wamefika wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Katika mwaka wa 2016 watu walianza kukaa katika makao mapya ya Kalobeyei, karibu na Kakuma. Makao hayo yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji Waturkana watumie shule, hospitali na soko moja.

Jua la huko ni kali na vumbi ni jingi. Sehemu kubwa ya kambi imekaa miaka mingi bila umeme wa laini kuu. Darasa lenye watoto zaidi ya 100 si jambo la kushangaza. Watoto hao wanafuata masomo ya shule za Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili. Mtoto wa Kongo ya mashariki huja na Kiswahili cha kwao, lakini Kiingereza huenda hajapata kukisikia darasani. Mtoto wa Sudan Kusini aweza kufika bila hata lugha moja kati ya hizo mbili.

Kituo kikiweza kuishi mahali kama hapo, chaweza kuishi katika skimu yako pia. Na kikifa hapo, tutajua ni ugonjwa gani uliokiua.

KAZI ILIVYOANZA

Mwaka 2010 wakimbizi wa Kakuma, na wenzao wa kambi ya Dzaleka katika Malawi, walianza kusoma masomo ya diploma kwa kompyuta chini ya mpango wa Wajesuiti. Walimu wengine walikuwa Marekani, na wanafunzi walikuwa wamekaa huko kambini.

Mwaka 2013 shirika la UNHCR na Wakfu wa Vodafone walianza kuweka madarasa ya namna hiyo katika kambi ya Dadaab. Mpango huo unaitwa Instant Network Schools. Baadaye ulifika Kakuma, na pia Tanzania, Kongo na Sudan Kusini. Mwaka huo huo wa 2013, Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Moi, pamoja na vyuo vikuu vya Kanada, vilianza kufundisha walimu wa Dadaab hapo hapo walipo. Mwaka 2015 kampuni ya Nairobi iitwayo BRCK ilitoa sanduku gumu lenye vishikwambi 40 kwa ajili ya shule zilizo mbali na umeme.

Vitu vya darasa la namna hii ni vichache. Kuna vishikwambi, ambavyo wengine huviita tableti. Kuna kompyuta ya mwalimu, projekta ya kuonyesha picha ukutani, na spika. Kuna paneli za sola na betri. Kuna njia ya kupata intaneti, ama kwa mtandao wa simu ama kwa setilaiti. Mwisho kuna mashine ndogo ya kuwekea masomo, nayo huitwa seva.

TANGI LA MASOMO

Watu wengi hudhani kwamba bila intaneti ya kila siku hakuna masomo. Hilo si kweli, na ni vizuri kulielewa, maana bando ndilo linalomaliza fedha za vituo vingi.

Fikiri habari ya maji. Mkulima mwenye akili hampeleki mtoto mtoni kila mara anapotaka kikombe cha maji. Huweka tangi nyumbani, akalijaza mara moja, na watu wa nyumba huchota humo siku nyingi. Seva ni tangi la namna hiyo. Masomo, vitabu na picha huwekwa ndani yake mara moja. Vishikwambi vyote vilivyo karibu huchota humo kwa waifai, bila kugusa intaneti na bila kulipa hata senti moja ya bando. Intaneti huhitajiwa tu siku ya kujaza tangi upya, pengine mara moja kwa mwezi.

Programu za kufanya kazi hii zipo, na nyingine hutolewa bure. Kolibri ni moja, nayo ilitolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality hasa kwa shule zisizo na intaneti. Nyingine ni Kiwix, ambayo huweka kamusi kubwa ya Wikipedia katika mashine moja. Seva yenyewe si kitu kikubwa. Kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani yaweza kuifanya kazi hiyo.

Basi mtu akija katika skimu yenu kuuza kituo, mwulize swali hili kwanza: “Intaneti ikikatika leo, watoto wataendelea kusoma kesho?” Akisema hapana, mwambie arudi na tangi.

HESABU YA UMEME

Umeme hupimwa kwa wati. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 2 imekula wati-saa 20. Kishikwambi kimoja kikijazwa chaji kamili hula karibu wati-saa 20 pia. Sasa tupige hesabu ya siku moja katika kituo kidogo:

Vishikwambi 25, kila kimoja wati-saa 20: 500
Projekta ya wati 100 kwa saa 2: 200
Seva ya wati 10 kwa saa 10: 100
Kompyuta ya mwalimu: 80
Taa 4 za wati 10 kwa saa 3: 120
Jumla: wati-saa 1,000

Paneli ya wati 300 ikipata jua zuri kwa saa 5 hutoa wati-saa 1,500. Lakini usizihesabu zote. Kama theluthi moja hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, na zinazobaki ni 1,000. Kwa hivyo paneli moja yatosha siku ya jua tu. Wewe unayelima Nyandarua unajua mawingu ya mwezi wa Julai. Hapo hapana budi kuweka paneli mbili.

Betri ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimkamua mpaka tone la mwisho bila kumlisha, hatadumu. Betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini yafaa kutumia nusu yake tu kila siku. Ikikaushwa kila usiku itakufa mapema, na kununua nyingine si mchezo. Kwa sababu hiyo jaza vishikwambi chaji mchana, wakati jua linapowaka, na usingoje usiku.

Mambo mengine matatu yameonekana katika nchi za joto. Kwanza, vumbi juu ya paneli hupunguza umeme, basi zifutwe kwa kitambaa na maji asubuhi kabla hazijapata moto. Pili, chumba chenye mabati bila dari huua betri za vishikwambi kwa joto. Tatu, shule inapofungwa, usiviache vishikwambi vimekwisha chaji kabisa. Vijaze nusu, vizime, na viweke mahali penye kivuli.

MASHINE HAIFUNDISHI PEKE YAKE

Katika mwaka wa 2016 Serikali ilianza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza vishikwambi, na vilivyogawanywa katika nchi nzima vilipita milioni 1, katika shule zaidi ya 20,000. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo, katika shule kadhaa vilikaa stoo vimefungiwa. Sababu zake zilikuwa za kawaida. Mwalimu hakupata mafunzo ya kutosha, au mwalimu mkuu aliogopa wezi, au kimoja kiliharibika na hapakuwa na fundi wa karibu.

Mkulima hawezi kushangaa akisikia haya. Sote tumepata kuona trekta ya ushirika imelala chini ya mti, nyasi zikimea kwenye magurudumu, kwa ajili ya kipande kimoja cha chuma. Trekta haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mtu wa kuitunza na fedha za kuitengeneza.

Huko kambini wameona kwamba darasa hufaulu pale mwalimu anapofundishwa kwanza, tena akafundishwa mara kwa mara, na pale ambapo kijana wa hapo hapo amefundishwa kutengeneza mambo madogo. Kijana huyo anajua kubadilisha waya, kuwasha seva upya, na kusema wazi jambo linapomshinda. Fundi wa mjini hufika baada ya siku nyingi, lakini fundi wa kijijini hufika kabla ya kengele ya pili.

Tena mwalimu hugawa watoto. Darasa la watoto 100 lenye vishikwambi 25 hugawanywa makundi ya watoto wanne wanne. Katika kila kundi mmoja anashika, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika daftarini, na mmoja anaeleza. Baada ya muda wanabadilishana. Mtoto aliyeachwa mkono mtupu nyuma ya wenzake hakusoma kompyuta, bali alitazama migongo.

MLANGO UWE WAZI KWA NANI?

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu, na pengine ndilo gumu kuliko yote.

Huko Turkana wenyeji waliona kwa miaka mingi visima, shule na hospitali zikijengwa kwa ajili ya wageni, na wao wakitazama kutoka nje ya ua. Manung'uniko yalikuwapo, na mtu mwenye haki hawezi kuwalaumu. Makao ya Kalobeyei yalipangwa kwa njia nyingine kwa sababu ya somo hilo, ili mtoto wa mkimbizi na mtoto wa Mturkana wakae katika benchi moja.

Sasa tujiulize habari za kwetu. Katika skimu kuna mwenye shamba lenye nambari, na kuna kibarua anayelala katika kibanda cha tajiri wake. Kuna mjane anayekaa kwa hisani ya shemeji yake. Kuna jamaa waliofika wakikimbia machafuko au mafuriko, nao hawana eka hata moja. Kamati ikisema, “Kituo ni cha watoto wa wenye mashamba peke yao,” itakuwa imefanya makosa mawili. Kwanza, imemwonea mtoto ambaye hakuchagua mahali pa kuzaliwa. Pili, imejitafutia hasara. Mtoto aliyefukuzwa mlangoni hatakuwa na uchungu siku paneli zitakapoibiwa, lakini yule anayesoma humo atapiga kelele kabla mwizi hajashuka kwenye paa.

Wako wengine pia wanaofungiwa nje bila mtu kusema neno. Kituo kikifunguliwa jioni tu, wavulana watajaa. Wasichana wako mtoni, au jikoni, au wazazi wao hawataki watembee gizani, nao wazazi wana sababu. Basi wekeni saa za mchana, na saa nyingine ziwe za wasichana na akina mama peke yao. Fungueni daftari la mahudhurio, na kila mwezi mwenyekiti alisome mbele ya wote. Mkiona majina ya wasichana ni machache, tatizo si wasichana. Badilisheni saa.

NA SISI WAKUBWA JE?

Kituo si cha watoto tu. Siku hizi mkulima huandikishwa na kupokea habari za mbolea ya bei nafuu kwa simu, na kazi nyingi za Serikali hufanywa kwa eCitizen. Mzee asiyeweza kusoma ujumbe wake mwenyewe humpa mtu mwingine simu pamoja na neno lake la siri, na hapo ndipo fedha hupotea. Katika Laikipia, kituo cha Maarifa cha Ng'arua, kilichosaidiwa na shirika la ALIN, kiliwapa wakulima mahali pa kusomea mambo ya kilimo na kutafuta bei za soko kabla ya kuuza.

Mkiwafundisha watu wazima, anzeni na jambo moja wanalolihitaji wiki hiyo hiyo, kama kuangalia bei ya mahindi au kusoma dalili za ugonjwa wa viazi. Na somo la kwanza kabisa liwe hili: neno la siri haliambiwi mtu, hata akisema anatoka ofisini.

FEDHA ZA KESHO

Mwaka 2025 fedha za misaada kutoka nje zilipunguzwa sana, na huko Kakuma hata posho ya chakula ikapunguzwa. Mtoto mwenye njaa hasomi, hata ukimpa mashine ya namna gani. Funzo kwetu ni kwamba kituo kinachotegemea mfuko mmoja wa mtu aliye mbali huanguka siku mfuko huo unapofungwa.

Kwa hivyo kituo kiwe na mfuko wake mdogo. Watu walipie kuchaji simu, kupiga chapa barua, na kupiga picha za vitambulisho. Fedha ziwekwe benki au katika ushirika, na watu watatu watie sahihi. Sehemu yake isiguswe mpaka siku ya kununua betri mpya, kwa maana siku hiyo itakuja. Masomo ya watoto yasilipiwe.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUOMBA KITUO

1. Iteni mkutano wa skimu nzima, wenye mashamba na wasio na mashamba, na mchague kamati. Akina mama wawe nusu yake.

2. Chagueni watu wawili wa kufundishwa, mmoja mwalimu na mmoja kijana wa kutengeneza. Mmoja wao awe mwanamke. Wawe watu watakaokaa, si wanaongoja kazi mjini.

3. Tengenezeni chumba chenye dari, madirisha ya chuma, mlango wenye kufuli mbili na sakafu ya saruji. Chumba cha shule chafaa kuliko nyumba ya mtu.

4. Pigeni hesabu ya umeme kama tulivyoonyesha, kwa mashine mtakazotumia ninyi.

5. Andikeni kanuni za saa, za wasichana, za wageni na za fedha, kisha mzibandike mlangoni.

6. Pelekeni ombi lenu kwa chifu, kwa ofisi ya kaunti na kwa mjumbe wa wadi, pamoja na majina ya watu wawili mliowachagua.

Msizigeuze hatua hizi. Mtu atangulie, nyumba ifuate, umeme uje baada yake, na kompyuta ziwe za mwisho. Wazee wetu wa mwaka 1962 walianza na darasa la udongo wakamngoja mwalimu, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo njia. Tukianza na masanduku ya mashine na kumtafuta mwalimu baadaye, tutakuwa na stoo iliyofungwa, na watoto wetu watajifunza humo somo moja tu, kwamba jambo jipya halidumu kwetu. Kuwaondolea somo hilo ni kazi ya miaka mingi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

1. Katika skimu yetu, ni watoto gani ambao hawangeingia kituoni kama kingefunguliwa kesho? Ni nini kingewazuia?

2. Ni nani atakayebaki na ufunguo, na ni nani atakayemwuliza habari zake?

3. Betri ikifa baada ya miaka mitatu, fedha zitatoka wapi?

4. Ni kitu gani kilicholetwa katika skimu yetu zamani kikafa? Kilikufa kwa sababu gani?

Jibuni swali la nne kwanza, tena jibuni kwa kweli bila kutafuta wa kulaumiwa. Skimu inayoweza kulijibu swali hilo iko karibu kuwa tayari kwa kituo.